Biti Nne za Kibondo

Foromani Lusekelo amefariki. Habari zilinifikia asubuhi moja dukani kwangu hapa Kasulu, kwa simu ya mtu tuliyefanya naye kazi zamani na ambaye hatukuwa tumesalimiana kwa miaka. Alisema mzee alianguka bafuni kwake Mbeya, akalazwa wiki mbili, basi. "Alikuwa mtu wa watu," akasema. Nikaitikia, nikatoa pole. Nilipoweka simu chini, fundi mmoja kijana alikuwa amesimama mbele ya meza akitaka biti ya kutobolea jiwe, nami nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: jiwe gani? Mafundi wa hapa sokoni hunicheka kwa swali hilo, wamenibandika jina la Mama Jiwe Gani. Kijana akasema jiwe tu, mama, la msingi, nataka kupitisha bomba. Nikamwambia akaniletee kipande nikione. Akaguna, akaenda duka la jirani. Sikumwita. Kwa karibu miaka thelathini nilijiambia kwamba kuna jambo silisemi kwa sababu namwogopa Lusekelo. Sasa Lusekelo yuko kaburini, na nilipokaa pale kwenye kigoda changu katikati ya misumari na makopo ya rangi, niligundua kwamba hofu iko palepale. Basi haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa yangu mwenyewe.

Mwaka ninaousema ni ule ambao wakimbizi wa Kongo walikuwa wameshaingia Nyarugusu lakini kambi ilikuwa bado ya maturubai. Kila kitu kilitaka mawe: barabara, misingi ya zahanati, vibaraza vya visima. Mkandarasi mmoja, ambaye kampuni yake ilishakufa siku nyingi, alipewa kilima nje kidogo ya Makere apasue kokoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaenda pale kupika. Jiko letu lilikuwa banda la mabati lililoegemea nyumba ndogo ya tofali za kuchoma yenye vyumba viwili, stoo na ofisi ya foromani, na kati ya vyumba hivyo palikuwa na ubao mwembamba tu ambao haukufika juu. Mtu aliyeongea ofisini alisikika stoo, na aliyeongea stoo alisikika kwenye masufuria yangu. Kwa njia hiyo ndiyo foromani alivyonijua. Siku moja alikuwa anamfokea mtunza stoo kwa kutoa rodi, vile vyuma virefu vya kutobolea mwamba, zisizofuatana, na mimi nikasema kutoka jikoni, bila kufikiri, kwamba namba zake zimechongwa kwenye shingo, thelathini na nne, thelathini na tatu, thelathini na mbili, si azipange tu. Kisha kichwa cha Lusekelo kikatokea mlangoni. "Wewe binti, unasoma?" Wiki iliyofuata nilikabidhiwa ufunguo wa stoo, na maharage akapewa mwingine.

Nilikipenda chumba kile kuliko nilivyowahi kupenda chumba chochote. Kilinuka grisi na dizeli, dirisha lake lilikuwa na wavu badala ya kioo, na jua la saa tatu liliingia hapo likaangukia rafu ya biti zikawa zinang'aa kama vyombo vya harusi. Nilijua kuzihesabu na kuzipanga, lakini sikujua zinafanya nini. Aliyenifundisha ni Papa Wilondja. Alikuwa Mbembe wa Fizi, Kongo, mtu wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye vidole vinene na sikio moja lisilosikia, kwa sababu kule kwao alikuwa ametoboa miamba ya dhahabu tangu ujana wake. Hakuwa na mkataba. Mkimbizi hakutakiwa kufanya kazi nje ya kambi, kwa hiyo aliingia asubuhi kama kibarua na kutoka jioni kama mtu aliyekuwa akitembea tu, na wote tulijua na wote tulinyamaza, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine kilimani aliyeijua kazi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa stoo, akachukua biti moja, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa ile biti, akauliza, "Nani ananoa hizi?" Nikamwambia hakuna anayenoa. Aliirudisha taratibu. "Mutoto," akasema, "hapa mutaua watu."

Kesho yake wakati wa chakula alikuja na mawe matatu akayapanga juu ya pipa la dizeli. La kwanza lilikuwa jekundu, jiwe la mchanga. Alilikwaruza kwa msumari, likatoa unga. "Hii iko laini. Meshi ya patasi inatosha, hii yenye mudomo moja. Ukiipa meshi ya nguvu unaharibu bure." Yeye biti aliziita meshi, kama walivyozoea kule. La pili lilikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu wa kiangazi. "Hii inadanganya. Patasi itaingia mu ufa, itapinda, itakwama. Hii inataka musalaba, midomo ine, inakamata pande zote." La tatu lilikuwa jeupe, linametameta kama chumvi ya mawe. Msumari uliteleza juu yake ukaacha mstari mweusi. Nilidhani amelichana. Akalowesha kidole kwa mate, akafuta, mstari ukatoka. "Umeona? Ile alama ni ya musumari. Chuma njo imeisha, jiwe haikutoa kitu. Hii inataka meshi ya vifungo." Na hizo hatukuwa nazo, biti ambazo mdomoni hazina makali bali vifungo vya mviringo vya chuma kigumu kuliko vyote, vinavyoliponda jiwe badala ya kulikata. "Kila mara uulize kwanza," aliniambia. "Jiwe gani? Halafu njo utafute meshi." Kisha akafungua kopo lake la chakula, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, akaniomba ugali wa muhogo kutoka jikoni, akaumega akiuita bugali. Tulikula pamoja juu ya pipa lile, tukiwa tumeyasogeza mawe pembeni.

Tangu hapo tulikula pamoja karibu kila siku. Alinifundisha kunoa kwenye jiwe la kuzungusha, maji yakidondoka polepole, na kupima mdomo kwa kipande cha bati alichokikata mwenyewe. Alinifundisha kwamba rodi fupi hutangulia na mdomo mpana, na kila ndefu inayofuata mdomo wake hupungua kidogo, la sivyo itabanwa ndani isitoke. Na alinifundisha jambo moja ambalo alilirudia mpaka nikachoka kulisikia. Baruti ikishalipuka, hubaki vitako vya matundu ya zamani kwenye mwamba, vimekaa kama vikombe. Mtoboaji mwenye biti butu huvitamani, kwa sababu kwenye jiwe gumu biti butu haishiki, inateleza, lakini ukiiweka ndani ya kikombe kile inatulia. "Usirudilie tundu ya zamani," alisema. "Hata uone iko wazi, hata umwange maji. Baruti inaweza kubaki chini. Nimezika watu wawili kwa ile kitu." Alikuwa pia mtu wa kucheka. Sisi Waha tukishtuka huwaita mama zetu, "Mawe!", na yeye hilo lilimchekesha kila lilipotokea. "Nyinyi, mukianguka munaita mawe. Mama yenu ni jiwe?" Wanawake wa jikoni walikuwa wakijishtusha makusudi ili aseme tena.

Mke wake nilimwona mara moja kabla ya mambo kuharibika. Mama Asukulu alikuja kilimani Jumamosi moja, mrefu kuliko mumewe, na mtoto wao Asukulu wa miaka minane akitembea mbele yake na kopo la chakula kichwani. Mume alikuwa amelisahau. Alisimama mlangoni mwa stoo akamtazama mumewe akijaza mafuta kwenye mashine, akaniambia, kwa sauti ya kumlalamikia na kumsifu kwa pamoja, "Huyu kichwa yake inabaki hapa. Nyumbani analeta mwili tu." Mtoto alitaka kushika biti. Nikampa ya msalaba iliyokwisha, akaizungusha kiganjani, akamuuliza baba yake inatoboa jiwe gani. Papa Wilondja alinitazama kwa furaha ambayo siwezi kuieleza.

Kiangazi kilipokolea tulifika kwenye mkanda wa jiwe jeupe. Hapo ndipo kilima kilipogeuka. Rodi iliyokuwa ikimaliza tundu kwa nusu saa ikawa inakaa asubuhi nzima, na vumbi lililotoka lilikuwa laini kama poda, likiwakaa watu kwenye kope. Nilinoa mpaka vyuma vikawa vifupi, lakini ile ncha ngumu iliyopachikwa mdomoni ikishaisha hakuna kunoa kunakosaidia. Papa Wilondja alikuwa akiniuliza kila asubuhi, biti za vifungo zimefika? Nami nikimjibu kweli, bado. Kisha siku ya Alhamisi lori lilileta boksi. Nililifungua mwenyewe. Zilikuwa nne, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, na nilipoifunua moja nilifurahi kama mtu aliyeletewa dawa ya mgonjwa wake. Sikuwa nimeifunga tena niliposikia sauti ya injinia wa kampuni ofisini, nyuma ya ubao. "Machimbo ya Kibondo tunaanza wiki ijayo. Wakubwa watakuja kuangalia. Wakikuta vyuma vichakavu, kazi tunaikosa." Lusekelo akasema, "Na huku?" Yule akajibu, "Huku mmebakiza nini? Malizeni na vilivyopo." Dakika chache baadaye Lusekelo aliingia stoo, akalitazama boksi, akalisukuma kwa mguu chini ya rafu, nyuma ya gunia la matambara. "Hizi ni za Kibondo, Skola. Hazijafika. Umenielewa?" Nikasema ndiyo, mzee. Alisema pia kwamba kule Kibondo atahitaji mtunza stoo wa kudumu, mwenye barua. Lazima niliandike hilo, kwa sababu katika miaka yote niliyojisimulia habari hii nilikuwa nikiliruka.

Papa Wilondja alikuja Jumamosi, yapata saa tatu, biti mkononi. Mdomo wake ulikuwa umeisha kabisa, mviringo kama kidole. "Haiumi," akasema. "Inacheza tu juu ya jiwe." Kisha: "Sikola, zile za vifungo hazijafika?" Lusekelo alikuwa amesimama nyuma yake, begani. Boksi lilikuwa hatua mbili kutoka miguuni mwangu, ningeweza kuligusa kwa kidole cha mguu. Nikasema, "Hazijafika, Papa." Sikio lake zima lilikuwa upande wangu. Alinisikia vizuri. Alinitazama kidogo, si kwa shaka, kwa namna mtu anavyomtazama mtoto anayemwonea huruma kwa kukosa cha kumpa. "Bon," akasema. Nikampa nyingine ambayo ilikuwa butu karibu sawa na ile. Hapo Lusekelo akasema, "Anzia kwenye matundu ya juzi. Biti itakaa." Papa Wilondja aligeuka. "Hapana, chef. Ile hapana." Foromani hakupandisha sauti. Alisema matundu yamekaguliwa, yako wazi, lori la kokoto linangoja. "Hapana, chef," akarudia Papa Wilondja. "Basi rudi kambini, mzee. Kule getini wamesimama Wakongo kumi wanataka nafasi yako." Tulikuwa watatu katika chumba kile. Mmoja alikuwa ametoa amri, mmoja alikuwa anafikiria mke na mtoto wake, na mmoja alikuwa anatazama sakafu. Papa Wilondja aliomba maji ya kunywa. Nikamchotea. Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akaenda.

Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Tulizoea mikubwa, ile ya jioni baada ya king'ora, inayotikisa masufuria. Huu ulikuwa mfupi na mkavu, kama mlango uliofungwa kwa hasira, na baada yake kompresa, mashine ya upepo, iliendelea kunguruma peke yake. Wanawake wa jikoni walipiga kelele, "Mawe we! Mawe!" Nilikimbia nikafika miongoni mwa wa kwanza. Sitaeleza nilichokiona mikononi na tumboni mwake. Tulimpakia kwenye lori la kokoto, juu ya turubai, na mimi nikapanda nikashika kichwa chake mapajani mwangu mpaka tulipokaribia Kasulu. Alikuwa na akili zake. Alisema, "Mama Asukulu asinione hivi." Baadaye kidogo alisema, "Meshi ilikataa kukaa, Sikola," kama mtu anayetoa taarifa ya kazi, akitaka nijue haikuwa kosa langu la kunoa. Alikata roho kabla hatujafika hospitali. Dereva alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akakaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa bado nimekishika kile kichwa.

Watu watatu walikuja kuuliza ajali ilivyotokea. Kabla hawajafika, Lusekelo alinikalisha stoo akafunga mlango. Alisema nitasema marehemu alipewa biti inayofaa, akachagua mwenyewe tundu la zamani ili asihangaike. Alisema Mkongo yule hana karatasi, nikisema alitumwa, kilima kitafungwa na watu wote wale watarudi mashambani bila kitu. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifunga. "Na wanaojua hapa kilimani kwamba biti zilikuwepo ni wewe na mimi. Uliyemwambia hazijafika ni wewe." Nikasema nilivyofundishwa. Nikatia sahihi. Hilo lilikuwa rahisi kuliko siku mbili baadaye, Mama Asukulu alipokuja kuchukua shati na kopo la mumewe. Alikuwa hajalia, au alikuwa amemaliza. Aliniuliza, "Walinisomea karatasi. Ni kweli alitoboa tundu ya zamani?" Nikasema ni kweli, mama. "Kwa akili yake?" Niliinamisha kichwa, nikakiinua. Ndiyo. Akalichukua kopo, akalitazama ndani kama kwamba kulikuwa na kitu, akasema, "Miaka yote alikataza wengine." Akaondoka.

Wiki iliyofuata nilihamia Kibondo na barua yangu ya kazi. Nililibeba boksi lile mapajani ndani ya Land Rover, barabara nzima. Wakubwa walikuja, wakaonyeshwa, wakaondoka. Na jiwe la kule, lilipochimbwa, lilikuwa jekundu, la mchanga, laini. Nililikwaruza kwa msumari mwenyewe, likatoa unga. Biti za patasi tulizozitupa Makere zingelitoboa. Zile nne hazikutumika hata siku moja mwaka ule. Nilizipaka grisi kila mwezi, nikazirudisha kwenye karatasi yake. Nilikaa Kibondo mpaka mvua zilipoanza, katika chumba kizuri chenye kitanda cha chuma, nikila vizuri, nikisikia kila jioni watu wakizungumza ng'ambo ya ukuta mambo yasiyonihusu. Nilijifunza huko kwamba mtu anaweza kuendelea kunenepa.

Baada ya simu ile ya msiba nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nilimwomba mwalimu mmoja mteja wangu, anayefundisha Nyarugusu, anisaidie kupata kibali cha kuingia, naye akaulizia kwa watu wa Fizi mpaka akampata. Mama Asukulu bado yuko kambini. Nyumba yake sasa ni ya tofali za udongo, na mbele ya mlango anauza mawese kwenye chupa. Amepungua urefu. Hakunitambua mpaka nilipotaja stoo. "Sikola? Sikola ya Makere?" Akafurahi, Mungu wangu, akafurahi. Alinitandikia mkeka, akamtuma jirani kuni, akapika bugali na sombe huku akiniuliza habari za watoto wangu. Chakula kilipowekwa mbele yangu ndipo nikaanza kusema. Nilisema yote kwa mpangilio: boksi, biti nne, ubao, foromani mlangoni, swali la mumewe na jibu langu, kisha swali lake yeye na kichwa changu kilivyoinama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mikono ilisimama.

"Alikataa?" akauliza.

"Alikataa, mama. Alisema hapana mara mbili."

"Mara mbili." Kisha akaanza kusema, bila kunitazama, kama anayeusemesha ungo. Asukulu alikuwa mtoto mzito wa kutumwa, alisema, na kila alipochelewa kisimani, kila alipoanguka shuleni, alimwambia utakufa kwa uvivu kama baba yako. "Nilimupiga na jina ya baba yake. Miaka yote." Alipokua alichukuliwa na wale waliopelekwa Amerika. Sasa ana wavulana watatu. "Kwetu mutoto wa kwanza anabeba jina ya babu. Asukulu alikataa. Alisema hataki ile jina mu nyumba yake. Na mimi nilimwambia umefanya vizuri." Akarudia, "Nilimwambia umefanya vizuri."

Alitoa simu kifuani, akatafuta namba ya Asukulu, akapiga, akanipa. "Useme weye. Vile umesema hapa." Kule kulikuwa kunapambazuka. Sauti ya mtu mzima iliitikia kwa usingizi, nami nikasema jina langu na nikasema yote tena, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu sikuwa na uso wa kuutazama. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilisikia nyuma yake mtoto akiomba kitu kwa Kiingereza. Kisha akasema, "Mama yuko hapo? Mpe." Mama Asukulu alienda nayo nyuma ya nyumba. Waliongea Kibembe, sikuelewa hata neno, isipokuwa Wilondja, lililotajwa mara nyingi, kwanza na yeye, kisha, niliposogea kidogo, kwenye simu pia.

Aliporudi alikuwa amevua kitambaa kichwani. Alimwita jirani, akamwambia awaite wenzake, kisha akakaa chini kwenye udongo, si kwenye mkeka. "Hatukumulilia," aliniambia. "Siku ile nilikasirika. Nilifukuza watu. Nilisema mutu mwenye amejiua kwa uvivu haliliwi." Wanawake walianza kuja, mmoja mmoja, wakiuliza nani amekufa. Nikatoka kwenye mkeka nikapiga magoti ili nikae nao chini, kama inavyotakiwa. Akanishika mkono wa juu, kwa nguvu ambayo sikuitegemea, akanizuia.

"Weye hapana," akasema. "Umesema. Sasa wende."

Nilichukua mkoba wangu. Chakula kilikuwa palepale, sijakigusa. Nilikuwa sijafika barabarani niliposikia wameanza.